Shajara ya mradi: kichanga na kaka yake wa miaka miwili, Tanga, Februari hadi Juni 2025

15 Februari 2025: Kabla ya kujifungua

Naiandika shajara hii kwa yeyote anayemngoja mtoto wa pili huku wa kwanza bado anabebwa kuingizwa bafuni. Habari za kichanga zimejaa kila mahali: kliniki wanafundisha, mama zetu wanajua, majirani wanajua. Habari za yule wa kwanza, anayeamka siku moja akakuta mapaja ya mama yake yamekaliwa na mtu mwingine, nimezikuta chache mno. Humu yeye ndiye atakayepewa nafasi kubwa.

Hali yetu ni hii. Nyumba ya kupanga, vyumba viwili na sebule, uani kuna bomba na mahali pa kuanikia. Mwanetu, nitakayemwita Mkubwa, alizaliwa Desemba 2022. Aliacha ziwa Agosti iliyopita. Mchana anatumia poti, usiku anavaa pampasi, na analala kitandani kati yetu. Baba yake anafanya kazi kiwandani, zamu ya mchana. Mimi ni karani wa hesabu, na likizo yangu ya uzazi inaanza keshokutwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama siku 84 zenye malipo, kwa hiyo natakiwa kurudi ofisini tarehe 12 Mei. Baba anapewa siku tatu, tena azichukue ndani ya siku saba tangu mtoto azaliwe. Baada ya hapo mchana ni mimi, mama yangu mzazi atakayekaa nami mpaka arobaini, na watoto wawili.

Tulivyonunua mpaka sasa: nepi za kitambaa dazani mbili, shilingi 36,000; beseni kubwa na ndoo yenye mfuniko ya kulowekea, 15,000. Vyandarua hatukununua. Kimoja nilipewa kliniki kwenye hudhurio la kwanza la mimba hii, kingine Mkubwa alipewa alipochanjwa surua akiwa na miezi tisa.

9 Machi: Wiki ya kwanza, kitanda

Mdogo amezaliwa Jumanne tarehe 4, siku za mwanzo za Ramadhani, msichana wa kilo 3.1. Tumetoka hospitali akiwa ameshachomwa chanjo ya kifua kikuu na kupewa matone ya polio. Kitovu tunakiacha kikavu, hakipakwi kitu. Mama alitaka kukiwekea mafuta, nikamwomba asubiri tumuulize nesi, nesi akamweleza, akakubali. Siku ya tatu macho ya mtoto yalionekana manjano. Mama alisema atolewe juani asubuhi. Tukampeleka kwanza akaonwe, tukaambiwa ni kidogo, aendelee kunyonya mara nyingi, na tumrudishe mbio iwapo manjano itafika viganjani na kwenye nyayo, au akigoma kunyonya, au akipata homa. Imeanza kupungua.

Kilichoshindikana wiki hii ni kitanda. Tulipanga walale wote nasi, kichanga upande wa ukutani, mimi, Mkubwa, kisha baba. Mkubwa hulala akizunguka, na usiku wa pili mguu wake ulinipita juu ukatua karibu na kichwa cha mtoto. Nikakaa macho mpaka adhana. Tukajaribu kumlaza Mkubwa na bibi yake chumba cha pili. Alilala vizuri hadi saa sita, akaamka, akanikosa, akaja kunigongea mlango huku akilia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Kichanga naye akaamka.

Tumenunua godoro jembamba, 65,000, tukaliweka chini kando ya kitanda chetu. Mkubwa na baba yake wanalala chini, mimi na Mdogo juu, kila upande na chandarua chake (kamba na misumari, 5,000). Mdogo analala chali, hakuna mto karibu yake. Mkubwa alikataa kulala chini mpaka nilipoanza kulala naye mimi kwanza, baba akimshika mtoto, akishazama, ninapanda. Akiamka usiku anauona mkono wangu unaning'inia kitandani, anaushika, analala tena. Chumba kimejaa hadi hakuna pa kukanyaga, lakini wote tunasinzia.

16 Machi: Saa za kunyonyesha

Hapa ndipo penye kazi. Kichanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, na wa kwetu huchukua karibu nusu saa kila mara. Jumlisha uone ni saa ngapi mikono ya mama haipo. Saa hizo ndizo Mkubwa anapomwaga maji ya kunywa, anapopanda meza ya televisheni, anapovuta mguu wa mtoto na kusema "mtoe". Nje ya saa hizo ni mtoto yuleyule tunayemjua. Tulipoligundua hilo tuliacha kumtazama kama mtoto aliyeharibika, tukaanza kuitazama ile nusu saa.

Kwanza tulimpa simu yenye katuni. Ilimtuliza, lakini kila nilipoichukua kililipuka kilio kirefu kuliko muda wa kunyonyesha wenyewe, na baada ya siku chache akawa anaidai toka anaamka. Tukaacha.

Pili, nilijifungia chumbani na Mdogo, mama akabaki na Mkubwa sebuleni. Alilala chini nyuma ya mlango akilia, nami maziwa yakagoma kushuka. Mtoto akawa anavuta na kuachia, anavuta na kuachia. Tukaacha siku ileile.

Kinachofanya kazi sasa ni kunyonyeshea chini, sebuleni. Nimenunua mkeka, 12,000, nimeutandika kwenye kona, nimeegemeza mto ukutani. Nikiwa kitandani au kitini, Mkubwa alikuwa anaziona goti zangu tu na anataka kupanda. Nikiwa chini tuko usawa mmoja. Anaweza kukaa ameniegemea ubavuni bila kumgusa mtoto. Kabla sijakaa, yeye anakuwa ameshakojoa, ana kikombe cha maji na kitu cha kutafuna mkononi, kipande cha muhogo au ndizi. Dakika mbili za maandalizi, hata kama Mdogo analia. Mwanzo mama alinishangaa: "Mwanangu, kichanga analia we unamenya ndizi?" Lakini akaona mwenyewe kwamba kichanga aliyengoja dakika mbili hunyonya kwa utulivu, na asiyengoja hunyonya huku kaka yake akimvuta nywele.

Pia kuna kikapu, 4,000. Humo mna vifuu vya nazi, vibanio vya nguo, mwiko, chupa tupu za plastiki zenye mahindi machache ndani na vifuniko vilivyokazwa sana, na kitambaa cha kanga ya zamani. Kikapu hushuka ninapoanza kunyonyesha na hupanda juu ya kabati ninapomaliza. Vitu vyake navibadilisha kila baada ya siku mbili, maana vikizoeleka havina kazi. Hakina kitu kidogo cha kumezeka.

Jambo moja zaidi, dogo kwa macho lakini limetusaidia kuliko mkeka wenyewe. Mkubwa alikuwa anasikia "ngoja" kutwa nzima: ngoja mtoto anyonye, ngoja mtoto alale. Sasa nahakikisha naye Mdogo anaambiwa, tena kwa sauti ya kusikika: "Ngoja kidogo, mwanangu, namvalisha kaka yako kwanza." Mdogo haelewi kitu. Mkubwa anaelewa, na uso wake unafunguka.

Alipoomba kunyonya, watu wawili walinishauri nipake mwarobaini kama wakati wa kumwachisha. Siwezi, kifua hiki sasa kina mwenyewe. Nilimwacha aonje. Aliweka mdomo, akauondoa, akaomba uji.

30 Machi: Muheza

Jaribio hili ndilo lililotugharimu zaidi, si kwa fedha.

Mama mkwe alipiga simu: "Mwanangu, mlete mjukuu wangu huku nikae naye, wewe ujipumzishe na uzazi wako." Anaishi Muheza, ana uwanja mpana, kuku, na michungwa. Nilikuwa sijalala vya kutosha tangu nijifungue, na Ramadhani imemchosha baba watoto. Tukashukuru, tukakubali. Baba alimpeleka kwa daladala Jumanne ya tarehe 18.

Habari kutoka kule zilikuwa njema kila siku. Anakula, anafukuza kuku, analala mapema. Nyumbani kukawa kimya, nikalala mchana, nikafua, nikaoga bila haraka.

Aliporudi wiki iliyofuata hakunijia. Alisimama mlangoni ameshika suruali ya baba yake, akanitazama kama mgeni. Baadaye jioni akanishika, na tangu hapo hakuniachia. Nikienda chooni anakaa mlangoni. Poti akaikataa kabisa, akawa anajikojolea hata akiwa amekaa juu ya mkeka. Usiku anaamka kuhakikisha nipo. Na kwa mara ya kwanza akampiga Mdogo, kofi la wazi, huku akinitazama mimi.

Bibi yake hana lawama hata kidogo, alimtunza kwa mapenzi. Kasoro ilikuwa kwenye mpangilio wa matukio. Mtoto wa miaka miwili hajui "kupumzika uzazi". Yeye alichokiona ni kwamba alikuja mtu mpya ndani, kisha yeye akapelekwa mbali, na mtu mpya akabaki na mama. Kwa hesabu hiyo, kunishikilia na kumpiga aliyebaki ni mambo yanayoeleweka.

Tulichofanya kurekebisha: hakuna safari tena. Badala yake tulimwomba mama mkwe aje yeye Idi, akakubali kwa furaha. Poti tumeiweka pembeni bila maneno, Mkubwa amerudi kuvaa pampasi mchana, na hakuna anayemwambia "wewe mkubwa sasa". Hilo neno tumelipiga marufuku ndani ya nyumba. Kila mgeni alikuwa analisema, nalo lilimnyima ruhusa ya kuwa mtoto. Kuhusu kupiga, ninaushika mkono wake kabla haujafika, nasema "sikuachii umpige", kisha nauongoza ukaguse miguu ya Mdogo. Baba akirudi kazini, kabla hajaoga wala kumshika kichanga, anatoka na Mkubwa mpaka dukani na kurudi, wawili tu.

Anayelazimika kumpeleka mtoto kwa bibi, naona bora ampeleke kabla ya kujifungua na amrudishe nyumbani kabla kichanga hajaingia, ili yeye ndiye akipokee. Au aende asubuhi arudi jioni.

Gharama: pampasi za mchana za ziada, 22,000. Nauli sijaziandika.

8 Aprili: Daku imeisha

Mwezi wa Ramadhani ulitupa mpango wa usiku ambao hatukuupanga. Mimi sikufunga kwa sababu ya nifasi (damu ya baada ya kujifungua), nitalipa baadaye. Baba watoto alikuwa anaamka saa kumi kula daku, na saa hiyohiyo Mdogo alikuwa anaamka kunyonya. Nikimaliza, baba anampokea, anamcheulisha, anakaa naye mpaka wakati wa kwenda kazini, anamwacha kidogo tu kwa bibi anaposwali alfajiri. Mimi nalala usingizi mmoja mzito hadi saa moja asubuhi. Mwezi mzima niliishi kwa usingizi huo.

Baada ya Idi, saa kumi ikapita bila mtu kuamka. Tuliweka kengele ya simu; ikamwamsha Mkubwa, ambaye akiamka saa kumi halali tena. Tukajaribu kupeana zamu usiku kucha, mara mimi mara yeye. Haikusaidia, kwa kuwa mwenye maziwa ni mmoja, na baba alikuwa anaamka kunitazama nikinyonyesha, kisha anakwenda kushika mashine kiwandani akiwa na usingizi. Hiyo ni hatari, tukaisimamisha.

Zamu yake tumeihamishia mwanzo wa usiku. Saa mbili nanyonyesha, namkabidhi Mdogo, nashuka chini kumlaza Mkubwa na nalala naye palepale. Baba anakaa na kichanga sebuleni, begani au kwenye mbeleko kifuani, mpaka saa tano, hapo ananiamsha ninyonyeshe na yeye analala moja kwa moja hadi asubuhi. Nimepata karibu saa tatu mfululizo, na Mkubwa amepata mama anayelala naye kweli, si mama anayengoja asinzie ili ainuke. Tangu tuanze, anasinzia mapema zaidi. Naamini alikuwa anahisi haraka yangu.

15 Aprili: Chanjo ya wiki ya sita

Mama ameondoka juzi, arobaini imetimia. Leo Mdogo amepata chanjo za wiki ya sita: sindano mapajani na matone ya mdomoni, zikiwemo pentavalenti (inakinga dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini B na Hib, bakteria wanaoleta homa ya uti wa mgongo), ya nimonia, ya polio na ya kuhara kwa rota. Kliniki ya serikali chanjo hizi hazilipiwi. Tumelipa bajaji kwenda na kurudi, 5,000. Nami nimepimwa presha na tumezungumza uzazi wa mpango, nimechagua njia isiyopunguza maziwa.

Kwa kuwa nilikuwa peke yangu nilikwenda na wote wawili. Mkubwa alivumilia foleni vizuri kwa sababu nilibeba kikapu chake. Lakini alipoona sindano inaingia kwenye paja la dada yake alipiga ukelele, akajaribu kumsukuma nesi. Nesi alikuwa mpole, alimpa bomba la sindano tupu lisilo na ncha akacheze nalo. Jioni nzima alimchoma mwiko, akamchoma baba, akambembeleza mwiko. Usiku hakusumbuka. Nilikuwa tayari kumkataza mchezo huo, nikashukuru sikufanya hivyo. Hata hivyo safari ijayo atabaki nyumbani.

Mdogo alipata homa ndogo na ulegevu wa usiku mmoja, kama tulivyoambiwa.

27 Aprili: Nepi na masika

Nepi za kitambaa zilikwenda vizuri Machi nzima. Zinafuliwa asubuhi, saa sita zimekauka. Masika ilipokolea, zikawa zinakaa kambani siku mbili na zinanuka. Kuna siku Mdogo alikuwa na nepi kavu moja tu, na matako yakaanza kuwa mekundu.

Tuliyojaribu ndani: kamba sebuleni na feni usiku kucha. Zilikauka nusu, na umeme wa Luku ukaenda kwa kasi. Jirani alishauri zianikwe juu ya jiko la mkaa chumbani. Hilo tulilikataa moja kwa moja. Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa isiyonuka inayoua, na watoto ndio wa kwanza.

Baba amefunga kamba tatu chini ya upenu wa bati upande wa nyuma, mahali upepo unapopita na mvua haifiki. Kamba na vibanio, 9,000. Nepi zinachukua siku nzima lakini zinakauka. Kila moja inapigwa pasi pande zote kabla ya kuvaliwa, kwa sababu kuna nzi anayetaga kwenye nguo zenye unyevu, na funza wake huingia kwenye ngozi. Joto la pasi linaua mayai. Umeme ukikatika tunayo pasi ya mkaa, inatumika nje.

Pampasi tumezirudisha kwa usiku tu, na kwa siku za mvua ya kutwa. Kwa watoto wote wawili zinakwenda 48,000 kwa mwezi. Tungetumia pampasi tupu, hesabu yetu ilikuwa inapita 100,000.

Mkubwa amepewa kazi ya kunipa vibanio nikianika. Anaifanya kwa bidii kuliko kitu chochote tulichomnunulia. Juzi, akiwa kambani pale, aliniambia anataka poti. Hatukumwuliza, hatukushangilia sana. Ameendelea nayo mchana.

10 Mei: Kujiandaa kurudi kazini

Dada wa kazi ameanza tarehe 28 Aprili, 120,000 kwa mwezi, anakuja saa moja na kuondoka saa kumi na moja. Watu wengi humkabidhi dada kichanga, kwa kuwa ndicho kinachoogopesha. Sisi tulimwomba wiki hizi mbili awe wa Mkubwa tu: wakanunue vitumbua asubuhi, wachambue mchicha, wamwagilie mipapai. Kichanga nilimhudumia mimi, naye akitazama. Sababu yetu ni kwamba Mdogo ataridhika na yeyote mwenye joto na maziwa, lakini Mkubwa anahitaji muda wa kumwamini mtu. Siku za mwanzo alimkataa, alikuwa anamsukumia sahani. Sasa akisikia geti anakimbia.

Upande wa maziwa, nilinunua pampu ya mkono, 30,000. Iliniumiza na ilitoa kidogo. Nesi alinionyesha kukamua kwa vidole: kidole gumba juu na cha shahada chini, nyuma kidogo ya sehemu nyeusi, unasukuma kuelekea kifuani kisha unaminya, bila kuteleza juu ya ngozi. Wiki moja ya mazoezi, nikawa napata zaidi ya pampu. Pampu ipo kabatini.

Chupa ya kunyonyea Mdogo aliikataa, akatema kila chuchu. Kliniki walituambia tusihangaike nayo, tutumie kikombe kidogo. Mtoto anakalishwa wima, ukingo wa kikombe unagusa mdomo wa chini, maziwa yanafika midomoni na yeye anayavuta kwa ulimi. Humwagii. Mama yangu kwenye simu hakuamini, dada hakuamini, hata mimi. Mdogo alijimwagia kifuani siku ya kwanza, ya tatu alikuwa anakunywa. Kikombe ni rahisi kuosha kuliko chupa. Vikombe na mitungi yenye mifuniko, 8,000.

Uhifadhi: chumbani maziwa hukaa kwa muda wa saa 4, lakini hiyo ni kwa chumba kisichozidi nyuzi 25, na Tanga mchana hatufiki huko chini. Kwa hiyo yanakwenda kwenye friji mara tu yanapokamuliwa, na yanatumika ndani ya siku 4. Kupasha, tunaweka kikombe ndani ya maji ya moto, hatuweki jikoni. Yanayobaki kikombeni baada ya mtoto kunywa hayarudishwi.

25 Mei: Wiki mbili za kazi

Sheria ileile ya 2004 inamruhusu mama anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Nilimwandikia mkuu wangu barua kabla ya kurudi, akakubali. Wiki ya kwanza nilizitumia mchana: bodaboda nyumbani, nanyonyesha, narudi. Kwa Mdogo ulikuwa mpango mzuri. Kwa Mkubwa ulikuwa msiba wa kila siku. Asubuhi analia ninapoondoka, anatulia. Saa saba nafika, anafurahi. Saa nane naondoka, analia upya, na dada anasema hakuwa anatulia tena mpaka jioni. Alianza kugoma kula mchana akiningoja.

Wiki ya pili nimezihamishia mwisho wa siku. Natoka saa tisa badala ya saa kumi na moja. Kuagana ni kumoja tu, asubuhi, na namwambia ukweli kwamba naondoka. Sitoroki akiwa anacheza. Mchana nakamua ofisini kwenye stoo ya mafaili, mlango umefungwa, maziwa yanakwenda kwenye boksi la baridi lenye barafu (28,000). Mdogo ananywa ya jana kwa kikombe, karibu mililita 300 nikiwa sipo, na nikirudi ananyonya jioni yote na usiku. Nauli imepungua pia, toka 6,000 hadi 3,000 kwa siku.

Chanjo ya wiki ya kumi, tarehe 13, Mdogo alipelekwa na baba, aliyeomba ruhusa ya nusu siku. Mkubwa alibaki na dada. Baba alirudi akiwa na maswali mengi mazuri kuhusu kadi ya kliniki, na sasa yeye ndiye anayeitunza.

14 Juni: Hesabu na kinachofuata

Chanjo za wiki ya 14 zimekamilika tarehe 10, pamoja na sindano ya polio. Inayofuata ni surua na rubela akiwa na miezi tisa, Desemba.

Vitu vya kununua mara moja vimefika 212,000: nepi, beseni na ndoo, godoro, kamba na misumari ya vyandarua, mkeka, kikapu, kamba za upenuni, pampu, vikombe na mitungi, boksi la baridi. Kwa anayefuata njia hii, atoe pampu mpaka aone kama vidole havitoshi, na godoro kama nyumba inalo tayari. Ya kila mwezi ni dada 120,000 na pampasi 48,000, sabuni na nauli mbali. Akika, dhabihu ya kumshukuru Mungu kwa mtoto, tuliifanya baada ya Idi na siihesabu humu.

Mkubwa bado anaamka baadhi ya usiku kuushika mkono wangu. Kikapu hakishuki tena kila mara. Kuna siku anakaa tu ubavuni anamsimulia Mdogo mambo ya kuku wa Muheza. Kumpiga kumekwisha, kunyang'anya kumeanza, maana Mdogo ameanza kushika vitu na kushika kwake kunamuudhi. Mwezi ujao tutajaribu kumpa Mkubwa rafu yake ya juu, ambayo Mdogo hataifikia hata akianza kutambaa, na baba ameshapima mbao. Tarehe 4 Septemba Mdogo anatimiza miezi sita na anaanza kula. Kabla ya hapo tunataka Mkubwa awe amezoea kula mezani na kiti chake mwenyewe, ili kijiko cha kwanza cha uji wa mdogo wake kisimkute mapajani kwangu. Nitaandika kiti kikikamilika na bei ya mbao.